Mhindi wa Sinema na Mhindi wa Makupa

Majuma mawili yaliyopita mpwa wangu, aliye gredi ya saba katika shule moja hapa kisiwani, alirudi nyumbani Makupa na kisa. Shule yao inatayarisha mchezo wa kuigiza. Mna chifu, mna mama mjane, mna kijana mlevi, na mna mwenye duka. Sehemu ya mwenye duka alipewa rafiki yake, mtoto wa Kikalasinga ambaye jamaa zake wana gereji si mbali na mzunguko wa Makupa. Huu ni mwaka wa tatu mfululizo anapewa sehemu hiyo hiyo. Mwaka wa kwanza alikuwa mwenye duka bahili. Mwaka wa pili alikuwa mwenye duka anayechezea mizani. Safari hii ni mwenye duka anayemfukuza mjane kwa deni la unga, na maneno aliyoandikiwa ni ya namna hii: "Veve toka hapa, mimi hapana toa kitu bure!"

Mtoto alikataa. Alimwambia mwalimu kwamba kwao hawasemi "veve", wanasema "wewe". Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akamwambia asilete maringo, watu huja kwenye mchezo kucheka, na kila mtu anajua Mhindi husema hivyo. Basi sehemu ile sasa anataka kupewa mpwa wangu. Atapakwa poda usoni, atafungwa shuka kichwani iwe kilemba, na "veve" atazisema yeye. Tangu siku hiyo marafiki hawa wawili hawakai dawati moja.

"Mjomba, nikubali?" akaniuliza.

Nikuambie ukweli, msomaji, jambo la kwanza lililonijia ni kucheka. Mtoto yule wa Kikalasinga namjua. Amezaliwa hapa, baba yake amezaliwa hapa, na akitukana mpirani hutukana kwa Kimvita safi ambacho mimi niliyesomea lugha siwezi kukifikia. Kumtaka aseme "veve" ni kama kumtaka mzee wa Mji wa Kale aongee Kiswahili cha mtalii.

Lakini kicheko kilinikauka nilipokumbuka jambo langu mwenyewe. Nilipokuwa chuo cha uandishi wa habari, miaka zaidi ya kumi iliyopita, tulipewa zoezi la kuandika kichekesho cha redio cha dakika tano. Changu kilikuwa na Mhindi wa duka. Hakuwa na jina, hakuwa na mke wala mtoto, hakuwa na lolote ila "veve" tano na "hapana" nane. Nilipata alama za juu kuliko wenzangu wote. Darasani alikuwamo msichana mmoja wa Kihindi, mwenyeji wa Mombasa kama mimi. Alicheka pamoja nasi, na kipindi kilipokwisha akaja kunipongeza. Juma hili lote nimekuwa nikijiuliza alikuwa akicheka nini.

Hebu tuulizane basi. Mhindi huyu tumemtoa wapi? Watu wa Mombasa hatuna udhuru wa kusema hatuwajui. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498 aliwakuta wafanyabiashara wa Kihindi wamekwisha kufika. Sisi tunajua Bohora si Khoja, Khoja si Banyani, Banyani si Kalasinga, na Mbulushi ukimwita Mhindi mtagombana. Husimuliwa kwamba hata neno Kalasinga lenyewe lilitokana na jina la mtu, mfanyabiashara mmoja aliyeitwa Kala Singh. Tena mjukuu wa Kikalasinga humwita babu yake "dada", maana ndivyo Kipunjabi kilivyo, na hapa mtaani hakuna anayeshangaa kusikia mtoto akimwita mzee wa ndevu nyeupe "dada". Watu tunaowajua kiasi hicho, tukienda jukwaani twawasahau, twamleta mtu mwingine kabisa.

Mtu huyo mwingine, naamini, tumemtoa kwenye sinema.

Mama yangu husimulia habari za Naaz, Regal na Lotus, majumba ya sinema ya Mombasa ambayo sasa hayaonyeshi picha tena. Wasichana wa wakati wake walikuwa wakitoka na nyimbo mdomoni hali hawajui Kihindi neno moja. Mother India ya 1957 aliitazama mara nne, na hadi leo akifika pale mama anapompiga risasi mwanawe wa kumzaa, sauti humkatika. Awara ya 1951 ilikuwa na jaji na ilikuwa na mwizi, wote Wahindi, tena mwizi ni mtoto wa jaji. Mimi nilikua zama za kanda za video. Mchana kibandani palikuwa na picha ya Kihindi, jioni ya Kizungu au ya Kichina. Sholay ya 1975 nadhani niliitazama kabla sijajua kusoma. Katika Sholay Mhindi ni stelingi, Mhindi ni adui, Mhindi ni mlevi anayepanda juu ya tangi la maji kutishia kujiua kwa ajili ya mapenzi. Kila namna ya mwanadamu ilikuwamo.

Kisha ikaja zamu ya picha ya Kizungu, kibanda kile kile, benchi lile lile. Humo Mhindi alikuwa nani? Alikuwa mbeba mizigo wa stelingi. Au mpishi. Au mchawi anayeng'oa mioyo ya watu, kama katika Indiana Jones and the Temple of Doom ya 1984, ambamo Wahindi wa jumba la kifalme wanakula nyoka na bongo la nyani. Serikali ya India ilipotaka mambo yarekebishwe, watengenezaji walichukua kamera zao wakaenda kupiga picha Sri Lanka. Nasi tulikaa pale kibandani, watoto wa Makupa ambao majirani zetu Banyani hawagusi hata yai, tukashangilia.

Mambo haya hayakutokea kwa bahati mbaya. Hollywood ilikuwa na kanuni zake za maadili zilizosimamiwa kwa ukali tangu 1934, na miongoni mwa yaliyokatazwa yalikuwa mapenzi baina ya Mzungu na mtu mweusi. Wenye studio walilichukua katazo hilo wakalinyoosha mpaka likawafikia Waasia. Mwaka 1937 ilitoka The Good Earth, hadithi ya wakulima wa China. Mume aliigizwa na Mzungu, Paul Muni. Kwa kuwa mume ni Mzungu, mke naye ilibidi awe Mzungu, japo wote wawili katika hadithi ni Wachina! Anna May Wong, mwigizaji mashuhuri wa asili ya Kichina aliyezaliwa huko huko Los Angeles, alitakiwa ajaribiwe kwa sehemu ya kimada, akakataa. Luise Rainer aliyepewa sehemu ya mke alipata tuzo ya Oscar.

Mzungu kupakwa rangi akawa Mhindi kuliendelea kwa muda mrefu kuliko unavyodhani. Peter Sellers alipakwa mwaka 1968 katika The Party. Alec Guinness, mwigizaji wa kuheshimiwa sana, alipakwa mwaka 1984 katika A Passage to India. Mwaka 1986 Fisher Stevens alipakwa katika Short Circuit akaigiza mhandisi wa Kihindi anayekosea kila neno la Kiingereza, na watoto wengi duniani waliokulia na picha ile hawakujua kwamba si Mhindi. Poda ya mpwa wangu na shuka ya kilemba zina ukoo mrefu, msomaji.

Na wapo ambao hawakupakwa kitu, walibadilishwa jina. Huyu anatuhusu. Babu yake alikuwa mfanyabiashara wa viungo aliyetoka India akahamia Zanzibar, na baba yake aliishi huko hadi alipopelekwa Uingereza akiwa kijana. Yeye mwenyewe alizaliwa Yorkshire mwaka 1943 akaitwa Krishna Bhanji. Alipoanza kutafuta kazi ya uigizaji aliona jina linamfungia milango, akaliacha, akajiita Ben Kingsley. Milango ikafunguka. Mwaka 1982 aliigiza Gandhi, akapata Oscar. Yaani ilimbidi Mhindi ajipe jina la Kiingereza ndipo aaminiwe kumwigiza Mhindi.

Sasa njoo Makupa kwetu. Ukisimama leo kwenye daraja jipya lililofunguliwa mwaka 2022, ukatazama maji chini, umesimama mahali ambapo historia ya Kenya ilivuka kutoka kisiwani kwenda bara. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Kilindini mwaka 1896, na kikwazo chake cha kwanza kilikuwa mkono huu wa bahari. Kwanza lilijengwa daraja la muda la mbao, kisha likaja la chuma lililoitwa Salisbury, kwa jina la Waziri Mkuu wa Uingereza wa zama hizo. Kazi ile ya reli ilifanywa kwa sehemu kubwa na watu walioletwa kwa mkataba wa miaka mitatu kutoka India, wengi wao Wapunjabi. Hadi reli ilipofika Kisumu mwaka 1901 walikuwa wameletwa watu 31,983. Kati yao 2,493 walikufa, 6,454 walirudishwa kwao wakiwa wagonjwa au vilema, 16,312 walirudi mikataba ilipokwisha, na 6,724 walibaki. Njia ilikuwa ya maili 582. Piga hesabu mwenyewe: ni zaidi ya maiti wanne kwa kila maili.

Hollywood imeitazama kazi hiyo ikaona simba wawili.

Siwalaumu sana, kwa maana simba wale ni kisa kweli. Mwaka 1898 pale Tsavo waliwakamata vibarua mmoja baada ya mwingine miezi na miezi, hadi mhandisi wa daraja, Luteni Kanali John Patterson, alipowaua wote wawili mwezi Desemba. Aliandika kitabu mwaka 1907, na ngozi zao akaziuzia jumba la makumbusho la Field kule Chicago mwaka 1924, nako ndiko waliko hadi leo. Mwaka 1952 simba hao walitengenezewa Bwana Devil, filamu ndefu ya kwanza ya rangi ya kutazamwa kwa ile miwani inayoleta picha hadi puani. Kisha mwaka 1996 ikaja The Ghost and the Darkness, ambayo bila shaka umewahi kuiona kwenye basi la usiku la Nairobi.

Niliamua kuitazama upya, na sikutaka kuitazama peke yangu. Jumamosi usiku nilichukua kompyuta yangu na mpwa wangu nikaenda kwa babu wa yule mtoto, mzee mwenye gereji. Babu yake yeye alikuja na reli akiwa seremala, akawa mmoja wa wale 6,724. Tulikaribishwa chai ya maziwa na bhajia, watoto wakakaa huku na huku bila kutazamana, tukaanza.

Dakika za mwanzo tu mzee akasema, "Hii si Tsavo. Tsavo ina vumbi jekundu." Ni kweli, picha ilipigwa Afrika Kusini. Simba wamefugwa masharubu na manyoya ya shingo kama wafalme, hali wale wa Tsavo hawakuwa na manyoya ya shingo. Hayo ni madogo. Kisha akatokea mwindaji wa Kimarekani aitwaye Remington, akiigizwa na Michael Douglas, shujaa kuliko shujaa. "Huyu ni nani?" mzee akauliza. Nikamwambia hakuwapo, wamemtunga. "Kwa nini?" Nikakosa jibu la heshima. Simba walioua vibarua wa Kihindi na Waafrika kati ya Voi na Nairobi waliuawa na Mwingereza, na hilo halikutosha, ilibidi atungwe Mzungu wa pili amsaidie.

Vibarua wenyewe wako tele kwenye picha. Wanabeba mataruma, wanapiga kelele, wanakimbia. Mwenye jina na kinywa katika umati wao ni mmoja, Abdullah, na aliyemwigiza ni Om Puri, mwigizaji mkubwa kabisa wa India aliyefariki mwaka 2017. Kazi yake katika picha ni kumpinga Patterson na kuchochea. Kila akifungua mdomo muziki hubadilika, ili na wewe ujue umchukie. Mzee alimtazama kimya, halafu akasema neno ambalo sijalisoma kwa mchambuzi yeyote: "Huyu ndiye mwenye akili hapa, na wamemfanya adui."

Nilirudi nyumbani nikafungua kitabu cha Patterson. Humo, vibarua walipogoma Desemba ile, sababu waliyotoa ni kwamba walikuja kwa mkataba wa kufanya kazi ya serikali, hawakuja kuwa chakula cha simba. Mamia yao walilala juu ya reli mbele ya gari moshi hadi likasimama, wakapanda, wakaondoka zao. Hayo ni maneno ya watu wanaojua thamani ya roho zao na wanaojua kusoma mkataba. Patterson anataja pia waliokufa, na mmoja wa wa kwanza anamtaja kwa jina: Ungan Singh, jemadari wa Kikalasinga mwenye nguvu nyingi, aliyeburutwa kutoka hemani usiku. Kwa hesabu ya Patterson, vibarua wa Kihindi walioliwa walikuwa 28, na Waafrika hakuwahesabu. Wataalamu waliochunguza mifupa na manyoya ya simba wale mwaka 2009 walikadiria walikula watu kiasi cha 35 kwa jumla. Wengine wote katika wale 2,493 waliuawa na homa, kuhara, vidonda na ajali, na kifo cha kuhara hakiuzi tikiti.

Na Mwafrika je? Katika picha hii msimulizi ni Samuel, anayeigizwa na John Kani wa Afrika Kusini, na kazi yake ni kutusimulia ushujaa wa Mzungu. Kwa hiyo mjukuu wa Ungan Singh na mjukuu wa Samuel wanakaa Makupa kwenye benchi moja, wanajifunza kutoka kwa mtu wa tatu jinsi ya kutazamana. Mmoja anajifunza kwamba mwenzake ni kuli mwenye kelele. Mwingine anajifunza kwamba mwenzake ni mtumishi mwaminifu.

Nilikuwa nimebeba picha ya pili, Mississippi Masala ya 1991, kazi ya Mira Nair. Niliwapeleka watoto nje wakaangalie magari, kwa sababu mna mambo ya wakubwa, nikamwekea mzee na bibi. Inaanzia Kampala mwaka 1972, Idi Amin ametoa siku 90. Wakili mmoja wa Kihindi, aliyezaliwa Uganda na asiyejua kwao kwingine, anaambiwa na rafiki yake Mwafrika wa tangu utotoni kwamba Afrika sasa ni ya weusi. Familia inaishia Mississippi, Marekani, na huko binti yao anampenda kijana mweusi, Denzel Washington. Hapo ndipo patamu. Baba anayelia miaka yote kwamba Waafrika walimkataa kwa rangi yake, anamkataa mkwe kwa rangi yake. Sijaona picha nyingine iliyomfanya Mhindi wa Afrika Mashariki mtu mzima kiasi hiki, mwenye haki na mwenye makosa katika shati moja.

Ilipokwisha, bibi alikuwa akifuta macho. Jamaa zake waliishi Jinja. Mimi, kwa utovu wa adabu wa waandishi, nikauliza, "Mzee, binti yako angeletewa posa na mtu wa Makupa, ungesemaje?"

Mzee hakukasirika. Aliniangalia kitambo, akasema, "Na dada yako angeletewa posa na Kalasinga?"

Tukanyamaza wote wawili, na bibi akaenda kuongeza chai.

Nimelileta hili kwa sababu barua zitakuja, najua. Msomaji mmoja atauliza mbona nawatetea Wahindi wakati baadhi yao hadi leo humwita mtu mzima "boi". Barua hiyo ni ya haki. Sinema ya Bombay nayo haina mikono safi. Mwaka 1983 Dharmendra, yule yule stelingi wetu wa Sholay, aliigiza katika Razia Sultan kama Yakut, mtumwa wa Kihabeshi aliyependwa na malkia wa Delhi. Alipakwa rangi nyeusi uso mzima. Kwa hiyo London walimpaka Mzungu rangi awe Mhindi, Bombay wakampaka Mhindi rangi awe Mwafrika, na sasa Mombasa tunataka kumpaka Mwafrika poda awe Mhindi. Kopo ni moja, linazunguka.

Mambo yamebadilika, nisikufiche. Gurinder Chadha, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1960, alitengeneza Bend It Like Beckham mwaka 2002, na baba wa Kikalasinga katika picha ile anasimulia jinsi alivyokuwa mrusha mpira hodari wa kriketi Nairobi, kisha akafika Uingereza akafukuzwa klabuni kwa sababu ya kilemba. Dev Patel wa Slumdog Millionaire ya 2008, wazazi wake wote wawili walizaliwa Nairobi. Mira Nair alianzisha chuo cha filamu cha Maisha kule Kampala, na mwanawe aliyezaliwa mji huo huo mwaka 1991, Zohran Mamdani, alichaguliwa meya wa New York mwaka 2025. Na Bohemian Rhapsody ya 2018 ilileta duniani kote habari za Freddie Mercury, mtoto wa Unguja aliyezaliwa Farrokh Bulsara mwaka 1946, ingawa hadithi yake wameianzia London kana kwamba Unguja haikumlea. Lakini hayo yote yametengenezwa Uingereza na Marekani. Sisi wenyewe tumetengeneza nini? Tuna Makhan Singh, aliyesimama Nairobi Aprili 1950 akadai uhuru kamili wakati ambapo wengi hawakuthubutu kulitamka neno hilo, akawekwa kizuizini miaka 11. Tuna Pio Gama Pinto, mzaliwa wa Nairobi, Mgoa, aliyepigwa risasi Februari 1965 mbele ya nyumba yake. Hizo ni picha mbili ambazo hazihitaji simba wala Remington, na bado nazisubiri.

Jumatatu nilikwenda shuleni. Nilimkuta yule mwalimu, mama wa makamo, amechoka, ana madaftari rundo zima. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema, "Bwana mwandishi, mimi nina watoto sitini na mashindano yako karibu. Kama wajua zaidi, niandikie wewe." Akanipa karatasi za mchezo wenyewe, na chaki mbili juu yake, sijui za nini.

Basi jioni ile nilikuwa gerejini, nimekaa juu ya tairi, na watoto wote wawili mbele yangu. Nilikuwa nimejitayarisha. Nikawaambia tutamtoa mwenye duka, tutamweka Joginder Singh, Kalasinga aliyeshinda mbio za magari za Safari mwaka 1965, 1974 na 1976. Nikaeleza kwa madaha jinsi tutakavyotengeneza gari kwa maboksi. Mzee alitabasamu hadi masikioni.

Mtoto wa Kikalasinga akatikisa kichwa. "Huyo ni wa dada," akasema, akimaanisha babu yake.

"Basi wataka kuwa nani? Chifu?"

"Mlevi," akasema. "Mlevi ndiye anayeanguka ngomani, watu wote wanacheka. Nina hamu ya mlevi tangu mwaka wa kwanza."

Mpwa wangu akadakia kwamba kama ni hivyo, yeye atakuwa mwenye duka, lakini bila poda na bila shuka, na "veve" hazisemi, atamfukuza mjane kwa Kiswahili cha kwetu. Wakaanza kufanya mazoezi hapo hapo, mmoja anafukuza, mwingine anayumba kati ya magari na chupa ya maji mkononi, mpaka akagonga sanduku la spana likamwagika lote.

"Kalasinga mlevi!" mzee akafoka, ameshika kiuno. "Watu watasema nini?"

Lakini mtoto alikuwa amekwisha kuanguka, na bibi dirishani alikuwa akicheka hadi machozi. Mchezo utaonyeshwa mwezi ujao. Mistari ya mlevi bado naiandika.